Mgomba wa Nyumbani: Namna ya Kuupanda na Kuutunza

Wapendwa wasomaji, katika somo letu la leo tunautazama mgomba unaopandwa karibu na nyumba, hapa kwetu Mgeta katika milima ya Uluguru.

Wengi tunauita mti, lakini mgomba hauna ubao ndani. Tunachokiona kama shina ni sehemu za chini za majani zilizofungamana. Shina la kweli, yaani tunguu, limo ardhini. Kila mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hufa na kuacha watoto. Matunzo yote yanafuata ukweli huo.

1. Mahali

Wahenga walisema: mgomba changaraweni haupandwi ukamea. Unataka rutuba, jua na maji yasiyotuama. Baridi huuchelewesha, hivyo wanaoishi juu mlimani wasishangae kuvuna nyuma ya wenzao wa chini. Kwenye mteremko, panda kwa mstari unaoukata mteremko, ili mvua isibebe udongo.

Tena, Waluguru hufuata ukoo wa mama katika kurithi ardhi, na mgomba hukaa shambani miaka mingi. Kama shamba ni la ukoo au la kuazima, zungumza kwanza na wakubwa. Mkungu wa ndizi usivunje undugu.

2. Kupanda

Chagua chipukizi lenye majani membamba kama upanga, kutoka mgomba wenye afya. Ondoa mizizi na menya sehemu za tunguu zenye matundu, maana ndimo anamojificha fukusi. Chimba shimo la futi 2 kwenda chini na futi 2 upana. Changanya udongo wa juu na debe moja au mawili ya samadi iliyooza, kisha urudishie. Acha meta 3 kati ya shimo na shimo. Panda mvua zinapoanza.

3. Kutunza

Hapa wengi hukwama kwa sababu ya huruma: machipukizi yanajaa, na mwenyewe anaona uchungu kuyaondoa. Lakini yote yanakula chungu kimoja, na mwisho mikungu inakuwa midogo. Bakiza mama, mtoto na mjukuu. Mengine ng'oa umpe jirani. Majani makavu yatandaze chini yatunze unyevu.

4. Ugonjwa

Mnyauko wa bakteria umewatia hasara kubwa wakulima wa Kagera tangu miaka ya 2000. Majani hugeuka njano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Hauna dawa. Huenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na pia na panga. Kwa hiyo, chana ya mwisho ikishatokea, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda. Panga nalo lipitishe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Upendo kwa jirani unafika mpaka kwenye makali ya panga.

Tutafakari

Katika falsafa tunajifunza kwa Aristotle kwamba kitu kilicho katika uwezekano hakifikii utimilifu bila kisababishi. Chipukizi lina mkungu ndani yake kwa uwezekano tu. Mtunza shamba wa Injili ya Luka (13:6-9) aliuombea mtini mwaka mmoja zaidi, na papo hapo akaahidi kuupalilia na kuutilia samadi. Anayemwombea mtoto wake au jumuiya yake naye ashike jembe.

Wiki hii, kila mmoja wetu ahesabu machipukizi katika shina moja la nyumbani kwake. Yakizidi matatu, kazi inamsubiri.