Nimewasha gzip, mbona kurasa bado nzito?

*Tovuti ya duka letu iko kwenye Nginx. Niliandika `gzip on;` lakini wateja bado wanalalamika kwamba inamaliza bando. Nimekosea wapi? — Msomaji, Morogoro*

Hujakosea, umeishia katikati tu. Mstari huo peke yake hubana HTML basi. CSS, JavaScript na JSON, ambazo aghalabu ndizo nzito, hupita zilivyo mpaka uzitaje:

`gzip_types text/css application/javascript application/json image/svg+xml;`

Usiongeze text/html, imo tayari. Kiwango cha kubana, `gzip_comp_level`, huanzia 1, na kikomo ni 9. Weka 5. Wanaokimbilia 9 huchosha prosesa kwa faida kiduchu. JPEG na video ziache, kwani zimeshabanwa. Picha zikiwa ndizo mzigo, zipunguze vipimo kabla ya kuzipandisha.

Jaribu usanidi kwa `nginx -t`, kisha `nginx -s reload`. Fungua tovuti kwenye kivinjari, bonyeza F12, nenda sehemu ya mtandao, uchague faili ya CSS. Kwenye vichwa vya jibu utafute `Content-Encoding: gzip`. Usipoiona, na kuna proksi mbele ya seva yako, angalia `gzip_proxied`: kwa kawaida huwa imezimwa.

Mwite mtaalamu wa usalama iwapo kurasa za wateja walioingia kwenye akaunti hubeba tokeni za siri na pia hurudisha maneno waliyoandika. Shambulio la BREACH, lililooneshwa mwaka 2013, hukisia siri hizo kwa kupima ukubwa wa majibu yaliyobanwa. CSS na JavaScript za kawaida hazina hatari hiyo.