Jinsi ya Kusoma Utafiti wa Afya: Mfano wa Presha Kutoka Eldoret

Eldoret ni mji wa watafiti. Tangu 2001, mpango wa AMPATH, unaounganisha Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi na vyuo vya ng'ambo vikiongozwa na Chuo Kikuu cha Indiana, umehudumia wagonjwa wa magharibi mwa Kenya huku ukiwafanyia utafiti. Muuguzi, mwanafunzi wa udaktari na mhudumu wa afya ya jamii wote huletewa matokeo hayo. Tuchukue utafiti mmoja wa mpango huo, BIGPIC, uliochapishwa 2021, tuusome pamoja.

Hatua ya kwanza: tafuta swali. Swali zuri la utafiti hutaja watu, kinachofanywa, kinacholinganishwa nacho na kinachopimwa. Hapa watu ni wenye kisukari au presha ya juu. Kinachofanywa ni kliniki ya kikundi, chama cha kuweka na kukopa, au vyote viwili. Kinacholinganishwa ni huduma ya kawaida ya zahanati. Kinachopimwa, yaani tokeo kuu, ni badiliko la presha baada ya mwaka mmoja. Ukikosa hata kimoja kati ya hivi vinne, soma tena kabla ya kuendelea.

Hatua ya pili: uliza watu waliwekwaje kwenye makundi. Tuseme umekwenda mtaa wa Langas ukalinganisha wanachama wa vyama na wasio wanachama, ukakuta wanachama wana presha nafuu. Je, ni chama? Huenda aliyejiunga alikuwa tayari na biashara, nauli ya kwenda kliniki na hela ya dawa. Kipato hapo ni kipotoshi: kinagusa kujiunga na pia kinagusa presha. Dawa yake ni ugawaji wa nasibu, ambapo bahati ndiyo inayoamua nani apate nini. BIGPIC haikugawa mtu mmoja mmoja. Iligawa klasta 24, yaani makundi ya watu wa eneo moja, kwa sababu majirani hukaa pamoja na kuambiana mambo, na ukiwatenganisha, wa kundi hili atamfundisha wa kundi lile. Walioshiriki walikuwa 2,890. Hiyo ndiyo sampuli.

Hatua ya tatu: chunguza kipimo. Presha hupotoshwa kirahisi. Mgonjwa anafika asubuhi, baridi ya Eldoret imembana, amevaa sweta na koti, ametoka kutembea mwendo mrefu. Ukimfunga mkanda wa mashine juu ya sweta na kumpima papo hapo, namba utakayoandika si yake. Akae kwanza dakika tano, aegemeze mgongo, miguu ikanyage sakafu bila kukunjana, mkono uwe usawa wa moyo, mkanda ushike ngozi. Kipimo sahihi hupima kile kinachokusudiwa, na kipimo thabiti hutoa jibu lile lile kikirudiwa. Mashine mbovu inayoongeza 10 kila mara ni thabiti lakini si sahihi. Katika ripoti, tafuta aya inayoeleza presha ilipimwaje. Isipokuwepo, usiziamini namba haraka.

Hatua ya nne: nenda moja kwa moja kwenye kundi linganishi. Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea, na hapa ndipo ningependa utulie zaidi. Mwanzoni wastani wa namba ya juu ya presha ulikuwa 157.5. Waliopata kliniki ya kikundi pamoja na chama walishuka 16.4. Ukiishia hapo utatangaza ushindi mkubwa. Lakini waliobaki na huduma ya kawaida nao walishuka 11.4! Mtu akiingizwa kwenye utafiti siku ambayo presha imepanda, mara nyingi akipimwa tena atakuwa chini kidogo hata usipomgusa. Watakwimu huita hali hiyo kurejea kwenye wastani. Hapo ongeza pia mchango wa dawa ambazo zahanati ilikuwa ikitoa. Kwa hiyo mchango wa kliniki na chama haukuwa 16.4. Baada ya kurekebisha hesabu, tofauti ilikuwa 3.9.

Kisha tazama masafa ya uhakika, ambayo ni kadirio la mapana ambamo ukweli unaweza kuwa. Kwa ile 3.9, yalianzia kushuka zaidi kwa 8.5 na kuishia kushuka pungufu kwa 0.7 kuliko huduma ya kawaida. Yanapita sifuri, kwa hiyo huwezi kusema imethibitika. Huwezi pia kusema haifanyi kazi, maana sehemu kubwa ya masafa iko upande wa nafuu. Nawasihi wenzangu tuandike hivyo hivyo kwenye ripoti zetu, bila kuipamba wala kuizika.

Hatua ya tano: hakikisha walioshiriki walilindwa. Utafiti wa binadamu unaohusu Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Rufaa hupitia kamati yao ya maadili, IREC, na mtafiti hutakiwa kuwa na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Ridhaa ni ya hiari, na mgonjwa akijitoa katikati hapaswi kunyimwa matibabu yake. Anayekuja kwako na fomu, mwombe barua ya kamati, soma tarehe ya mwisho wa kibali, na umwambie akueleze kwa lugha unayoielewa kabla hujashika kalamu.