Konokono na maji ya kijani katika kiziwa cha samaki

Wanachama wa Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, wanatuuliza: maji ya kiziwa yamekuwa kijani na konokono wamejaa pembeni, tutoe vyote? Hapana. Ile kijani tuilinde, konokono tuwapunguze.

Kijani ni mimea midogo sana. Inakula mbolea mnayotia, na tilapia wanaila. Mchana inatia hewa ndani ya maji. Usiku yenyewe inavuta hewa pamoja na samaki. Ndiyo maana mbolea ikizidi, alfajiri mnakuta samaki juu wanahema, wengine wamekwisha kufa. Kupima ni rahisi: zamisha mkono polepole. Kiganja kikipotea machoni maji yakifika kwenye kiwiko, ni vizuri. Kikipotea mapema, acha samadi kwanza, ingiza maji mapya. Kikionekana hata baada ya kiwiko, ongeza samadi kidogo kwenye kona ya komposti.

Sasa konokono. Ulaya, watu wanaofuga samaki ndani ya sanduku la kioo nyumbani wanawapenda, maana wanalamba kijani kwenye kioo na kula majani yaliyooza. Kwetu pia wanafanya ile kazi. Lakini sanduku la kioo hakuna anayeliingia kwa miguu, na kiziwani watoto wanaoga! Aina fulani za konokono hawa zinabeba kichocho, ule ugonjwa waganga wanaita bilarziozi. Konokono hazaliwi nao. Anaupata mkojo au choo cha mgonjwa kikifika majini, kisha anaachia vijidudu vinavyopenya ngozi ya mtu, zaidi jua likiwa kali.

Kwa hiyo choo kiwe mbali, na mtu asijisaidie kiziwani hata kidogo. Kateni majani ya pembeni, chimbeni ukingo uwe wima, maji yafike nusu mita. Konokono hapendi mahali pa namna hiyo. Bata wanawala vizuri. Kukausha kiziwa peke yake hakutoshi, wengine wanajificha ndani ya tope: toeni tope pia. Sumu msitie, itaua samaki.

Anayeingia majini avae buti, na kazi ifanyike asubuhi mapema. Mtu akiona damu kwenye mkojo au choo, aende kituo cha afya. Dawa ipo, prazikwanteli, nayo inapimwa kwa uzito wa mgonjwa, basi msigawane vidonge nyumbani.