VIDONDA VYA NGOZI KATIKA UGONJWA WA UKOMA

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanakumbushwa kuwa ukoma husababishwa na vijidudu vilivyotambuliwa mwaka 1873 na Daktari Gerhard Armauer Hansen wa Norway. Si laana wala si uchawi. Dalili yake ya awali ni baka la ngozi lenye ganzi, lisilowasha wala kuuma.

Vidonda vingi vya wagonjwa wa ukoma hutokana na ganzi hiyo. Mgonjwa hukanyaga mwiba au hushika sufuria ya moto asihisi, na jeraha hukua bila kutunzwa.

Ipo, hata hivyo, aina nyingine ya vidonda, iliyo adimu na ya hatari zaidi. Kwa baadhi ya wagonjwa wenye vijidudu vingi, kinga ya mwili huvishambulia vijidudu hivyo kwa ghafla, kabla ya matibabu, wakati wa matibabu au hata baada ya kuyamaliza. Mgonjwa hupata homa na vinundu vyenye maumivu, na mara chache vinundu hivyo hupasuka vikawa vidonda.

Aina iliyo adimu kupita zote ilielezwa nchini Mexico mwaka 1852 na madaktari Lucio na Alvarado. Mishipa midogo ya damu huziba, ngozi, hasa ya miguu, hufa na kuwa nyeusi, kisha huchunika na kuacha vidonda vipana. Vijidudu vya maradhi mengine vikipenya humo hadi kwenye damu, mgonjwa huweza kufariki.

Kosa kubwa ni mgonjwa kudhani kuwa dawa ndizo zilizomdhuru, akaziacha. Dawa za ukoma, zitolewazo bila malipo, hutumiwa miezi 6 kwa wenye vijidudu vichache na miezi 12 kwa wenye vijidudu vingi. Zisiachwe ila kwa agizo la daktari. Anayepata homa, vinundu au vidonda vipya aende hospitali siku hiyo hiyo, wala asijitibu kwa kuchoma au kubandika majani.

Masheha na wakuu wa idara wanaombwa kuhakikisha kuwa mgonjwa hafichwi nyumbani wala hatengwi kazini. Aliyeanza dawa huacha kuambukiza wengine upesi. Anayefichwa ndiye anayeendelea kuambukiza, na ndiye anayepata ulemavu.