Njiti Nyumbani, Nesi Kwenye Simu: Mafunzo Niliyopata

Mama wa mtoto njiti akiruhusiwa kwenda nyumbani, hofu huondoka naye. Mimi ni muuguzi wa watoto wachanga, nami huwafuatilia akina mama hawa kwa simu ya video. Nimejifunza haya.

1. Bibi naye awepo. Simu mara nyingi ni ya baba, na neno la mwisho ni la mama mkwe. Nikizungumza na mzazi peke yake, kesho mtoto ameondolewa kifuani mwa mama, eti atadeka. Bibi akielezwa mwenyewe kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri njiti akae ngozi kwa ngozi saa 8 hadi 24 kwa siku, huomba kitenge ambebe mjukuu. Baba pia anaweza kumbeba.

2. Tazama, usiishie kuuliza hali. "Anaendelea vizuri, sista," ndilo jibu la adabu. Kwa hiyo namwomba mama afungue nguo kidogo, tuhesabu pumzi pamoja kwa dakika nzima. Zikifika 60 au zaidi, tunarudia mtoto akiwa ametulia. Zikibaki hapohapo, au kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, au amegoma kunyonya, au joto liko chini ya nyuzi 35.5, hapo simu imemaliza kazi yake: waende hospitali, saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Njiani mtoto afungwe kifuani asipoe. Natazama pia anavyolishwa kwa kikombe. Maziwa yaguse mdomo, ayalambe mwenyewe, yakimiminwa humpalia.

3. Manjano hayaaminiki kwenye kamera. Taa ya chumbani hubadilisha rangi ya ngozi. Mama akisema macho au viganja vimekuwa vya njano, namwamini yeye, na mtoto aletwe apimwe. Uzito nao hupimwa kliniki tu.

4. Bando ni sehemu ya tiba. Mama akibipu, mpigie. Mwenye simu ya kitochi aulizwe maswali yaleyale kwa sauti. Asiachwe kwa kuwa hana kamera.

Ombi langu kwa waganga wafawidhi: tengeni vocha na namba moja ya wodi, na awepo nesi wa kuipokea kila zamu. Namba ya nesi mmoja huzimika akienda likizo, na mtoto njiti hawezi kumsubiri arudi.