Mali ya Watu Dukani

Ninyi wanafunzi mlio madarasani na ninyi mliokwisha kuondoka shuleni, katika somo hili nataka kueleza namna moja ya biashara ambayo haitaki fedha nyingi kuianza, bali yataka uaminifu mwingi kuiendesha. Ni biashara ya duka ambalo vitu vilivyomo si vya mwenye duka. Watu huleta mali zao, mwenye duka huziweka na kuziuza, kisha hutoa kamisheni yake na kumpa mwenye mali fedha zilizobaki. Nimeifanya kazi hiyo Mulago kwa miaka mingi, na mengi nitakayoyasema nimeyaona kwa macho yangu.

Kwanza yafaa kueleza kwa nini duka la namna hiyo laweza kuishi Mulago. Mulago ni kilima cha Kampala chenye hospitali kubwa. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1913, na majengo yake mapya yalifunguliwa mwaka 1962. Mafunzo ya uganga ya Makerere, yaliyoanza mwaka 1924, yamo papo hapo kilimani. Kwa hiyo watu wengi wa Mulago ni wapitaji. Mwanafunzi akimaliza masomo anaacha godoro, meza na vitabu. Muuguzi akihamishiwa Arua hawezi kulibeba kabati lake. Mama aliyekuja kumwuguza mtoto hukaa majuma mengi, na mikono yake haijui kukaa bure: anasuka mikeka na vikapu. Watu hao wana mali lakini hawana siku za kungoja mnunuzi. Mwenye duka anazo siku. Mali ndiyo hana. Basi kila mmoja anamhitaji mwenzake.

Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Dar es Salaam mchuuzi huchukua nguo au vyombo kwa mali kauli, yaani hupewa vitu asubuhi bila kulipa, na jioni hurudi na fedha. Zamani, Allidina Visram, mfanyabiashara aliyetoka India akaanzia kazi Bagamoyo, alikuwa na maduka tangu pwani mpaka Uganda kabla ya kufa kwake mwaka 1916, na wenye maduka wadogo wengi walianza kwa bidhaa alizowakopesha. Liangalieni jina lenyewe: mali kauli. Kauli ni neno la mtu. Mali hutolewa kwa sababu neno limeaminiwa, na neno likivunjika mali haitoki tena.

Sasa tuingie katika somo lenyewe. Mambo ni matano.

1. Mapatano kabla ya mali kuingia. Mwenye mali na mwenye duka wasipatane kwa kutikisa kichwa tu. Waseme bei, kamisheni, muda wa kukaa dukani, na nani atabeba hasara kitu kikiharibika au kuibiwa. Mvua ya Kampala ikinyesha, mabondeni maji hujaa upesi, na mkeka uliolowa hauuziki. Swali la nani atalipa ni jepesi kabla ya mvua. Baada ya mvua huwa ugomvi.

Tena waandike kama mwenye duka ni mnunuzi au ni wakala, maana mambo hayo mawili si sawa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1893 juu ya uuzaji wa bidhaa, ambayo kanuni zake ziliingia katika sheria za nchi zetu, ilipambanua hivi: mtu akichukua bidhaa kwa mapatano ya kununua au kurudisha, kisha akazikalia kupita siku zilizowekwa bila kusema neno, bidhaa zinakuwa zake naye anadaiwa bei. Kama siku hazikuwekwa, hutazamwa muda unaostahili. Lakini anayeuza kwa niaba ya mwingine ni wakala tu. Mali hubaki ya mwenyewe mpaka iuzwe, na wakala hana ruhusa ya faida ya siri. Mathalani, akiuza cherehani kwa Sh. 250,000 akamwambia mwenyewe kwamba imeuzwa kwa Sh. 200,000, zile Sh. 50,000 si werevu wa biashara. Ni mali ya mtu.

2. Daftari. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Kila kitu kinachoingia dukani kwangu kina namba. Katika daftari naandika namba hiyo, siku kilipoletwa, jina la mwenyewe, namba yake ya simu, bei, na dosari zote za kitu. Kiti chenye mguu uliolegea kiandikwe hivyo mwenyewe akiwapo, ili siku ya kukichukua asiseme kilegezwa dukani. Kisha nampa mwenye mali karatasi yenye maneno yale yale. Mwingine hajui kusoma. Huyo nasomea kwa sauti, na namwomba aje na mtoto wake anayesoma shule. Ninyi wanafunzi mna kazi hapo.

3. Fedha za mali iliyouzwa. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kitu kikisha kuuzwa, fedha huingia katika mtoto wa meza, na fedha zote zina sura moja. Hapo ndipo wengi huanguka. Wenye maduka wengi hawakuanza na nia ya wizi. Mmoja aliona Sh. 30,000 za mama fulani, akasema moyoni, "Nitazitumia leo kulipa kodi, kesho nitazirudisha." Kesho yake ikawa na shida zake.

Nilipokuwa kijana nilitumikia duka la namna hiyo, sitalitaja. Mama mmoja wa Kamuli alileta mikeka minne, yote ikauzwa kwa juma moja. Mtoto wake akapona, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Mama akaja kuchukua fedha zake ziwe nauli. Bwana mwenye duka akamwambia, "Nnyabo, rudi kesho." Kesho akamwambia vile vile. Siku tatu yule mama alikaa kizingitini na mtoto mgongoni, naye hakupiga kelele hata kidogo. Lakini akina mama wenzake walipita wakamwona. Hakuna aliyeleta kikapu tena. Wanunuzi walikuja kama kawaida, wakaingia, wakatoka mikono mitupu, maana hapakuwa na kitu cha kununua. Kabla mwaka haujaisha duka lilifungwa. Hapo nilijifunza kwamba duka la namna hii lina wateja wa aina mbili, na yule aletaye mali ndiye wa kwanza.

Dawa yake si ngumu. Kwangu kuna visanduku viwili vya bati. Kimoja ni cha kamisheni, na kodi ya nyumba hutoka humo. Cha pili ni cha wenye mali, na humo haitoki hata nauli yangu. Kila kitu kikiuzwa fedha hugawanywa saa ile ile. Siku ya malipo ni Ijumaa, haibadiliki. Aliye mbali hana haja ya kusafiri, kwa kuwa tangu mwaka 2009 Uganda ina njia ya kupeleka fedha kwa simu, na ada ya kupeleka huandikwa katika mapatano.

4. Habari kabla ya kuulizwa. Mwenye duka wengi hupenda kupeleka habari njema na kunyamazia mbaya. Lakini mwenye mali asiyesikia neno hudhani mabaya kuliko yaliyopo. Kitu kikikaa mwezi bila kuuzwa, mwambie. Mwambie pia sababu, kwa kuwa wewe ndiye uliyesikia maneno ya wanunuzi, yeye hakuwapo.

Kuna bibi mmoja wa upande wa Mpigi aletaye mikeka mizuri mno. Mwaka mmoja mikeka yake mikubwa ilikaa dukani majuma matano. Nikampigia simu, nikamwambia, "Jjajja, mikeka yako yasifiwa, lakini wanaoitazama ni wanafunzi, na vyumba vyao ni vidogo." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Vyumba vyao vina hatua ngapi?" Nikaenda kupima chumba cha kijana mmoja jirani, nikamjibu. Mwezi uliofuata alileta mikeka sita midogo, na yote iliuzwa. Tangu hapo kila akija huniuliza kwanza wanunuzi wamesema nini, ndipo aulize habari za fedha. Habari mbaya iliyofika mapema ilimletea faida, nami ikaniletea mtu wa miaka mingi.

5. Kupunguza bei na kukataa mali. Usipunguze bei ya mtu bila ruhusa yake. Mnunuzi akikusukuma, mwambie, "Ssebo, mali si yangu, ngoja nimwulize mwenyewe." Afadhali mpatane tangu mwanzo, kwa mfano baada ya siku 30 bei ipungue kwa sehemu moja ya kumi. Kadhalika jifunze kukataa kwa heshima. Kitu kisichouzika ukikipokea kwa haya, umempa mwenyewe tumaini la uongo, na wewe umejaza duka. Mwambie waziwazi, na ukijua soko linalomfaa mwelekeze huko. Nimewapeleka wengi Kalerwe, na baadhi yao wamerudi kwangu na mali nyingine.

Wengine watasema, "Mambo haya ni ya maduka tu, mimi nataka kuwa karani au daktari." Lakini atakayeshika fedha za chama cha ushirika ameshika mali ya watu. Mweka hazina wa darasa ameshika mali ya watu, na anayepelekewa fedha na kaka yake aliyeko Ulaya ili amjengee nyumba kijijini ni vivyo hivyo. Nyumba nyingi zimekwama kwenye msingi na udugu umekufa, wala si kwa sababu fedha zilikuwa chache. Hapakuwa na daftari wala visanduku viwili, na habari mbaya ilifichwa mpaka ikajitoa yenyewe.

Mazoezi

(a) Mama ameleta mikeka 5. Bei ya kila mmoja ni Sh. 40,000, na kamisheni ni robo. Mitatu imeuzwa kwa bei hiyo. Baada ya siku 30, kwa ruhusa yake, miwili iliyobaki imeuzwa kwa bei iliyopunguzwa sehemu moja ya kumi. Mama atapata shilingi ngapi, na sanduku la kamisheni litapata ngapi?

(b) Mapatano yalisema bei ni Sh. 40,000. Mnunuzi mgeni akalipa Sh. 50,000 kwa furaha yake. Zile Sh. 10,000 zilizozidi zigawanywe vipi? Toa sababu.

(c) Andika barua fupi kwa mwenye mali aliyeko mbali, kumwarifu kwamba kabati lake lina miezi miwili dukani na halijauzwa. Mweleze ukweli wote, na umpe shauri moja litakalomsaidia.