Ukuta wa maagizo ya mdomo

Swali: Niko kamati ya ujenzi wa zahanati ya kijiji. Fundi anadai hela ya ukuta wa ziada alioagizwa na mwenyekiti kwa mdomo tu. Tumlipe?

Jibu: Msimlipe kwanza, wala msimfukuze. Ukuta upo na mnautumia. Akienda mahakamani ana la kusema. Someni kipengele cha mabadiliko ya kazi kwenye mkataba: kwa kawaida hutaka maagizo ya maandishi. Kisha mhandisi wa halmashauri aupime ukuta, kwa futi, si kwa macho, na mwanasheria wa halmashauri aone madai hayo kabla hamjasaini chochote.

Mkikaa kujadili madai hayo, muhtasari wa kikao uandikeni kwa tarehe ya siku hiyo. Nimeona kamati zikirudisha tarehe nyuma ili “kuweka mambo sawa”. Hapo deni la ukuta hugeuka kesi ya kughushi.